Kidevu cha Baba na Sabuni ya Kibwana

Sogeeni karibu. Hadithi hii ina povu, msije mkateleza.

Huko Muheza palikuwa na msichana wa miaka sita, jina lake Mwajabu. Mdogo wake, Kibwana, alikuwa na wiki tano tu.

Mwajabu alitaka kitu kimoja. Alitaka kumpakata Kibwana.

"Subiri kwanza," alisema Bibi. "Mtoto ana vipele, kila akiguswa analia. Vikiisha, utampakata."

Kila asubuhi Bibi alimwogesha Kibwana kwenye beseni. Chubwi, chubwi, maji. Paka, paka, sabuni.

Nyaaa! Nyaaa! Kibwana alilia mpaka kuku wa jirani wakahama.

Mwajabu akaitazama sabuni. Kumbe ni kipande cha sabuni ya mche, ile ile ya kufulia suruali za Baba.

"Bibi, labda sabuni hii ni kali."

"Kali?" Bibi akacheka. "Nimelea watoto saba kwa sabuni hii. Hata baba yako nilimwogesha kwa hii hii. Hebu mtazame, ana kipele?"

Mwajabu akamtazama Baba. Baba alikuwa uani, ndiyo kwanza amenyoa ndevu. Kidevu chake kilikuwa laini kama cha mtoto.

Mwajabu akapata wazo.

"Baba, naomba kidevu chako."

"Mwanangu, ninacho kimoja tu," alisema Baba. Lakini akakaa kwenye kigoda.

Mwajabu akachukua sabuni ya mche. Paka, paka, paka.

"Kidevu, kidevu, sabuni ikoje?"

Kidevu hakikujibu. Baba ndiye aliyeruka. Akazunguka ua mara mbili, anajipepea kwa kanga ya Mama.

"Sabuni hii naikumbuka," Baba alimwambia Bibi, machozi yanamlenga. "Mama, ndiyo maana nilikuwa nalia."

Bibi akamwangalia mwanawe, akaiangalia sabuni.

"Na mimi miaka yote hiyo nilidhani unadeka," alisema. Akaitupia sabuni kwenye ndoo ya nguo.

Mama akatoka chumbani na sabuni ya waridi, zawadi ya Shangazi. Ilikuwa ndani ya karatasi inayong'aa, na harufu yake ilifika barabarani.

"Hii ni ya bei mbaya," alisema Bibi. "Lazima iwe nzuri."

Baba akajinawisha, akakaa tena. Paka, paka, paka.

"Kidevu, kidevu, sabuni ikoje?"

Hachaa! Baba akapiga chafya. Hachaa! Akapiga nyingine. Povu likaruka, likatua kwenye pua ya Bibi.

Hachaa! Sasa ikawa zamu ya Bibi. Na kidevu cha Baba kikawasha mpaka akakikuna kwa mikono miwili.

Basi Bibi akamshika Mwajabu mkono, wakaenda dukani kwa Mzee Shembilu.

"Tunataka sabuni ya mtoto mchanga," alisema Bibi. "Isiwe kali, wala isitumalize mfukoni."

Mzee Shembilu akainama. Akatoa sabuni nyeupe kwenye rafu ya chini, akaipuliza vumbi. Fuuu.

"Hii ni ya watoto, na bei yake ndogo," alisema. "Ila watu wanaipita. Wanasema hainukii."

Mwajabu akainusa. Akainusa tena.

"Bibi, inanukia maji."

Waliporudi nyumbani, Baba alikuwa amejificha nyuma ya mlango.

"Kidevu kimesafiri," alisema Baba.

"Ni hii tu, Baba, basi," alisema Mwajabu.

Baba akakaa. Akafumba macho kwa nguvu. Paka, paka, paka.

"Kidevu, kidevu, sabuni ikoje?"

Kimya.

Baba hakuruka. Baba hakupiga chafya. Wakasikia sauti ndogo. Krrr. Krrr.

Baba alikuwa amelala, povu kidevuni.

Bibi akachukua beseni. Akatia maji ya vuguvugu. Chubwi, chubwi. Akapaka sabuni nyeupe, kidogo tu.

Kibwana akafungua mdomo. Mama akaziba masikio. Kuku wa jirani wakajiweka tayari.

Kibwana akapiga mwayo.

Wakamwogesha hivyo kesho yake, na keshokutwa yake, na siku zilizofuata. Vipele vikaondoka kimoja kimoja, hata kimoja hakikubaki.

Jioni ya siku kilipoisha kipele cha mwisho, Bibi akatandika mkeka. "Mwajabu, njoo ukae. Nyoosha miguu."

Akamweka Kibwana mapajani pa Mwajabu. Alikuwa mzito kuliko Mwajabu alivyodhani. Alikuwa na joto tamu, na moyo wa Mwajabu ulijaa furaha.

Kibwana akamtazama dada yake. Hakulia. Akatulia, akamtazama tena.

Chururuuu.

Gauni la Mwajabu likalowa chapachapa. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Haya, mpe mama yake. Twende na wewe ukaoge."

"Ngoja, Bibi," alisema Mwajabu. "Ndiyo kwanza nimempata."

Akakaa vile vile, na gauni lake lililolowa, mpaka Kibwana akalala.