Upinde Mkavu

Haya yalimkuta rafiki yangu Erica wa Njombe. Baba yake alikuwa mahututi, hataki dawa wala sala, anataka zeze lake tu, nalo lilikuwa limekatika uzi. Erica akalikimbiza Makambako kwa fundi Nasiri.

"Uzi tayari, dada," alisema Nasiri. "Ila upinde mkavu hautoi sauti. Utomvu wa mti wa msindano ataupaka mzee mwenyewe."

Njia nzima Erica aliomba amkute hai. Alifika jioni, ukungu umetanda, umeme umekatika, zeze amelikumbatia kifuani. Uani akasikia zeze hilohilo likilia chumbani kwa baba. Akaingia akipapasa gizani. Sauti ikakoma.

"Umechelewa, mwanangu," alisema mama. "Ametutoka mchana."

Erica aliushika mkono wa baba. Ulikuwa umeshapoa, na vidole vyote vilinata utomvu mbichi.