Tangu Frédéric Aache Gari

— Leo sitaki! Pita na mandazi yako!

Gloriose alipiga kelele toka jikoni bila kugeuka. Nje ya ukuta, kengele ya baiskeli ikanyamaza. Siku ya tisa huyu muuza mandazi anamsumbua, na Gloriose hana hata mtu wa kula naye. Mume yuko kaburini, binti yake Délice yuko Kinshasa, mezani sahani ni moja. Chumvi ya maharagwe anaionja mara mbili, angalau apate kazi.

Alikuwa anangoja honi. Mwaka mzima Frédéric wa Rugenge, naye aliyefiwa na mke, alipita na jeep kila asubuhi, akapiga honi, na Gloriose akatoka amevaa kitenge kizuri, eti anafagia. Jumapili alimpakia mpaka misa, vioo vyeusi vimepandishwa. Hodi hakupiga: mwanaume haingii kwa mjane kabla ya kuonana na shemeji za huyo mjane. Sasa honi imekufa. Bila shaka amepata kasichana.

Siku hiyo, Jumapili, kiburi kikamwisha. Akaandika kwenye simu: "Frédéric, kama ulikufa unijulishe, nije kwenye matanga."

Jibu likaruka: "Weye ndiye ulinifukuza. Siku tisa napiga kengele, siku tisa unasema hautaki."

Gloriose akatoka mbio. Frédéric alikuwa bado ameegemea ukuta, ameshika baiskeli nene yenye betri.

— Kumbe muuza mandazi ni weye?

— Minye na mandazi wapi na wapi? Hii ni vélo ya umeme! Toka Rugenge mpaka hapa, jeep haijapata hata joto, nimeshafika. Ni kama kupanda gari kwenda choo!

— Na ulishindwa kunipigia simu?

— Mtu akisema hataki, nimpigie ya nini? Nilirudi kula muhogo baridi, peke yangu.

Wakaangalia chini wote wawili.

— Panda, twende misa.

Gloriose akaangalia kiti cha nyuma. Hapa hakuna vioo vyeusi. Na jirani Olga ameshanyoosha shingo juu ya ukuta.

— Watu watatuona, papa.

— Watuone. Kesho naenda kwa shemeji zako. Ila kama unaona haya, napita tu, sitarudi kukusumbua.

Gloriose akageuka kuangalia mlango wake. Ndani nyumba ilikuwa kimya, kama kawaida yake.

— Mama Délice! Olga akaita. Unaenda wapi na mwanaume wa watu?

— Wa watu gani? Iko wangu huyu! Uniangalizie maharagwe!

Akapanda, akamshika Frédéric kiuno, mtaa mzima wa Kilibula ukiangalia.