Kilichofunika Kaburi la Lutufyo

Jioni hiyo Esnath alikuwa anatoka mashineni, debe la unga kichwani. Mvua ilikuwa imepumzika. Sisemi imekatika, maana mvua ya Rungwe haijui kukatika, hupumzika tu ikakurudia. Alikuwa anakimbilia nyumbani, Kisondela, kabla haijaanza tena, na wala si kwa ajili ya unga. Ni kwa ajili ya kaburi.

Kaburi la Lutufyo, mwanawe wa kwanza. Homa ya masika ilimchukua akiwa na miaka saba. Walimzika nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mahali ambapo jua halifiki hata saa sita mchana. Nyasi zilikataa kuota pale. Alizipanda zikaoza, akazipanda tena zikaoza. Na kila mvua ilipopiga, tuta likazidi kupungua. Hebu fikiri, ndugu yangu: mama amesimama mlangoni, anatazama udongo uliomfunika mwanawe ukitiririka kwenda mtoni. Uchungu gani huo! Esnath alishinda amekumbatia sweta la marehemu, huku Lusungu, bintiye wa miaka miwili, akimvuta khanga apate kubebwa.

Mumewe Jairo hakuwepo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu, mitumba imejaa Tukuyu hadi barazani, lakini kiwanda cha chai alichofanyia kazi kilikuwa kimepata mmiliki mpya na watu wakapunguzwa. Jairo akaenda Tunduma kutafuta biashara. Zikawa zinakuja salamu tu.

Basi, alipofika kwenye kona ya mikaratusi, akasikia mtu anakohoa.

Kho... kho...

Kikohozi cha mzee, cha kutoa taarifa. Esnath akaelewa palepale. Siku hizi wengi wameacha, lakini yeye alilelewa Kinyakyusa hasa: mke hamtazami baba mkwe, wala ndugu wa baba mkwe, wala hapishani naye njiani. Mzee akikohoa, wewe unaingia majanini, unachuchumaa, unageuza uso. Baba mkwe wake alikwishafariki zamani, kwa hiyo huyu atakuwa mdogo wake, Mzee Ambilikile. Nani mwingine wa kumkoholea? Akatua debe, akachuchumaa, akajifunika khanga usoni.

Hatua zikaja polepole. Zikasimama.

"Nasikia mvua inakuchukulia mtoto," sauti ikanong'ona.

Esnath hakujibu. Mkwe hajibiwi.

"Nakuwekea kitu hapa njiani. Kinapenda kivuli. Kilaze chini, ufukie vile vifundo vyake, ukanyage kwa mguu mtupu. Kitafunika." Sauti ikatulia kidogo. "Kitafunika vyote."

Harufu ikampata... harufu ya udongo wa chini kabisa, ule unaotoka siku ya kuchimba kaburi. Akathubutu kuchungulia. Si uso, jamani, miguu tu. Ilikuwa mitupu. Tena misafi, mikavu. Njia nzima ni tope la kuzama, na miguu ile haina hata tone.

Aliiona. Hakuifikiria. Mwenye msiba ana nafasi gani ya kufikiria miguu ya watu?

Alipoinuka, njia ilikuwa tupu. Chini palikuwa na fungu la mashina teketeke, majani yake kijani yenye michirizi ya fedha, na upande wa chini zambarau.

Asubuhi yake akaupanda mmea ule kaburini. Alipofukia kifundo cha kwanza alilia kwa sauti, machozi yakadondokea palepale penye shina. Alipokanyaga kifundo cha mwisho, machozi yalikuwa yameshakata. Hakuyafuta. Yalikata tu, na kifua kikawa chepesi.

Mmea ukashika. Wiki haikuisha, tuta lote likawa kijani. Mvua ikapiga usiku kucha, na asubuhi hakuna hata punje ya udongo iliyosogea. Esnath akalala usingizi. Majirani wakasema afadhali, Mama Lutufyo ameanza kupoa. Sweta akalikunja akaliweka sandukuni. Baadaye akalitoa akafutia taa ya chemli, na hakuona neno.

Ganzi ilianzia nyayoni. Alikanyaga kisiki hakusikia. Kisha siku moja, akipika, ikamfikia harufu ya nyama inayoungua. Akashangaa, nyama imetoka wapi humu ndani? Akatazama. Ni kiganja chake mwenyewe, kimeshika sufuria juu ya moto.

Hakushtuka. Aliondoa mkono, basi.

Na mmea nao haukukaa kaburini. Ulitambaa kivulini, ukaufuata ukuta wa nyuma pale pasipofika jua, hadi mlango wa jikoni.

Kisha ukaingia.

Mama mkwe wake, Ikupa, alikuja kutoka Mpuguso kuwaona. Alimkuta Lusungu kwenye sakafu ya jikoni, karibu na mafiga yaliyopoa, sauti imemkauka kwa kulia. Esnath alikuwa kizingitini, hatua chache tu kutoka kwa mtoto, anatazama kijani cha mmea.

"Mama Lutufyo! Huyu mtoto amekula lini?"

Esnath akafikiri. "Sijui, mama."

"Hujui? Kyala, Mungu wangu!" Ikupa akambeba mjukuu, akamtafunia ndizi, akamlisha. Ndipo akaona majani yale chini ya benchi. Sauti ikamshuka. "Hiki umekitoa wapi?"

"Alinipa Mzee Ambilikile. Njiani, kwenye mikaratusi."

Ikupa akamkumbatia mjukuu kwa nguvu.

"Ambilikile hajainuka kitandani tangu Pasaka, mwanangu. Namgeuza mimi kwa mikono yangu. Ulimwona uso?"

"Mama, nitamtazamaje mkwe usoni?"

"Na miguu?"

"Misafi."

 Ikupa akamweka mtoto benchini, akachukua jembe, akaenda moja kwa moja kaburini, akatifua udongo, akakamata mashina kwa mkono na kuyavuta. Mizizi ikatoka inatoa mvuke, kana kwamba chini ya tuta pana uvuguvugu.

Esnath, aliyekuwa amemfuata nyuma, akapiga yowe.

Vyote vilirudi kwa mpigo. Kiganja kikawaka moto. Akamsikia Lusungu analia, na moyo ukamruka, mwanangu, mwanangu ana njaa! Akakimbilia jikoni ambebe. Lakini kabla hajamfikia, Lutufyo naye akaja: jasho lake, meno yakigongana, "Mama, nasikia baridi..." Uchungu ule ule wa siku ile, haujapungua hata chembe. Ulikuja pamoja na upendo, kwa mlango mmoja.

Akaanguka chini. Akatambaa kurudi kaburini.

"Vumilia!" Ikupa akalia. "Mwanangu, vumilia, nimalizie! Una mtoto hai!"

Esnath akamnyang'anya mashina. Akayalaza chini, akafukia vifundo, akakanyaga.

Akatulia.

Ikupa alimtazama mkwewe, machozi yanamtoka.  Akaingia ndani, akamwinua Lusungu kutoka benchini, akamfunga mgongoni kwa khanga. "Namchukua," akasema. "Akirudi Jairo, mwambie mtoto yuko kwangu." Akashika njia, anakimbia kadiri ya uzee wake.

Esnath akasimama kwenye kona ya nyumba kuwasindikiza kwa macho. Mtoto alikuwa amegeuza kichwa. "Mama! Mama!"

Hapo ndipo alipoona. Kwenye kisigino cha Lusungu, kilichokuwa kinaning'inia nje ya khanga, palikuwa na kipande cha shina. Kifundo kimoja tu, jani moja la michirizi ya fedha. Hakikuwa kimenasa. Mizizi yake myeupe ilikuwa imeshaingia ndani ya ngozi, na mtoto wala hakuonekana kuumia.

Na sauti ile, "Mama," ikawa inapungua. Umbali ulikuwa bado mdogo. Mtoto ndiye aliyekuwa anaacha kulia.

Esnath akajua kwamba inafaa aite. Akafungua mdomo. Ikupa angesikia, hakuwa amefika hata kwenye mikaratusi.

Kisha akaona hakuna haja. Akaufunga mdomo, akarudi kivulini, maana mvua ilikuwa inaanza tena.