Uchumba wa Ndani ya Lifti

Lifti ya jengo la maduka ilikwama saa nne asubuhi, ngazini watu wakipigana vikumbo. Ndani walikuwa wawili tu. Mmoja binti, fundi cherehani, gauni lake la kijani lina vifungo kumi na viwili alivyovivesha kitambaa mwenyewe. Wa pili kijana wa ovaroli ya buluu, mfuko wa kifuani umejaa bisibisi.

"Samahani, wewe si ndiye fundi wa lifti?"

"Ndimi."

"Na umo ndani?"

"Nilikuwa naijaribu."

Binti akacheka mpaka mzigo wa vitambaa ukamponyoka. Papo hapo simu ya kijana ikalia. Alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu anaota meno, na siku hizo alikuwa mbioni kumwozesha kijana huyo binti wa jirani.

"Nani huyo anacheka?"

"Mchumba wangu, shangazi."

"Ehee! Mlete Jumapili nimwone!"

Binti akamtolea macho. "Una wazimu?"

"Jumapili moja tu, fundi. Nakuomba."

"Moja. Na usiniite mpenzi."

Jumapili moja ikazaa nyingine. Kila mchana simu ililia kwenye kibanda cha kushonea.

"Umekula, mke wangu wa uongo?"

"Nimekula, mume wangu wa bandia. Kata simu, nina mteja."

Mteja hakuwepo. Alibaki ameishika simu vilevile, anatabasamu na ukuta.

Mwezi wa tatu, wakiteremka ngazi kwa shangazi, kijana alimshika mkono. Hapakuwa na mtu wa kuwaona, na hakuna aliyeuachia.

"Fundi, mimi siigizi tena."

"Hata mimi."

Wakapanga harusi ya kweli. Kilichomkereketa binti ni kimoja: shangazi, mtu mzima, anamwita mwanangu, anamtengea kiti chenye mto, naye alianza kwa kumdanganya. Siku moja kijana alipomsindikiza kwake, binti alilia, naye akamfuta machozi. "Tumwambie ukweli, mpenzi wangu."

"Tutamwambia. Ila taratibu, moyo wake mdogo."

Basi shangazi akaja kujaribu gauni lake la harusi, la zambarau, mikono mipana. Binti alipiga magoti chini akikunja pindo, pini sita amezibana midomoni, kama wafanyavyo mafundi.

"Mwanangu we, mmenichekesha," shangazi akasema, anajigeuza kwenye kioo. "Wiki ileile ya lifti mwenzio alinieleza kila kitu. Nikamwambia nyamaza, usimwambie kuwa najua, huyu atanasa tu. Siku ile nilipokuuliza mlikutana wapi ukamwaga chai! Nilikimbilia chumbani nikachekea kwenye mto. Naye kila ukiondoka ananiigizia unavyobabaika. Naona alishakwambia, maana hata hushtuki."

Binti alichomeka pini ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, pindo likazunguka lote sawasawa. Kisha akasema, "Tayari, shangazi."

Jioni kijana akaja, shati jeupe limepigwa pasi, anapiga mluzi.

"Vipi, mke wangu?"

"Shangazi alijua tangu lini?"

Mluzi ukakatika. "Fundi, nisikilize. Ilikuwa utani tu..."

"Nilikulilia. Ukanifuta machozi kwa kiganja chako, halafu ukaenda kumwigizia nilivyolia?"

"Kulia sikuigiza. Kubabaika tu."

"Ahsante sana."

"Niliogopa ukijua hakuna wa kudanganywa, hutakuja tena Jumapili. Nakupenda. Twende sasa hivi tukaandikishe ndoa, mimi na wewe tu."

Binti alimtazama uso mzima, kuanzia paji mpaka kidevu, na bado aliupenda wote. Hilo ndilo lililomuuma.

"Nami nakupenda, sikufichi. Lakini siolewi na mtu ambaye sijui lini anacheka nami, lini ananicheka."

"Nifanye nini sasa?"

Akaketi kwenye cherehani, akaliweka pindo la zambarau chini ya sindano.

"Gauni la shangazi litakuwa tayari Ijumaa. Aje achukue mwenyewe. Wewe usije."