Nyoka Asiyekatwa Shingo

Siku ilianza kama siku nyingine. Nilimpelekea mjomba wangu Khawi mkate na bia kaburini, alikokuwa akichonga maandishi ya Mfalme. Mfalme mwenyewe alikuwa hai bado, mzee wa kukohoa, na kaburi lake lilikaribia kwisha.

Kijijini kwetu kila mchongaji anajua: ukichonga herufi yenye umbo la nyoka kaburini, lazima umkate shingo kwa patasi. Ukimwacha mzima atamtambalia maiti, amuume, afe mara ya pili. Na jina la Mfalme lilikuwa na nyoka ndani yake.

Niliinua taa. Ukuta mzima, nyoka walikuwa na shingo zao.

"Mjomba, hawa hujawakata."

"Shusha sauti."

"Wakaguzi wakiona je?"

"Wale macho yao yako kwenye bia yako." Akacheka, kisha akaacha. "Ipuy alichora punda kigaeni, akaandika jina la Mfalme pembeni. Utani tu. Wakampiga fimbo mpaka akafa. Mwanangu wa kumzaa, kwa ajili ya punda. Halafu mimi nimchongee usingizi mtamu?"

Nilimpenda Ipuy. Nami nilitaka Mfalme aumwe. Nikafunga mdomo.

Mfalme akafa, akazikwa, mlango ukazibwa kwa mawe. Mjomba akanywa mpaka akaimba.

Asubuhi yake Wabet, binti yake, mtoto pekee aliyembakia, hakuamka. Shingoni alikuwa na matundu mawili madogo. Tulipekua mikeka, mitungi, hata paa. Hatukuona nyoka.

Ndipo nikautazama ushanga wake wa jiwe la kijani. Mjomba alituchongea mimi na Wabet kila mmoja wake tukiwa wadogo, enzi hizo akimpenda Mfalme bado: jina la Mfalme, litukinge. Kwenye kinga ya walio hai nyoka hakatwi. Herufi nyingine zote zilikuwepo. Mahali pa nyoka palikuwa laini, kama hapajawahi kuguswa na patasi.

Mjomba alinitazama kifuani, uliponing'inia ushanga wangu.

"Jina ni lilelile," akanong'ona. "Mfalme amenirudishia nyoka. Vua, mwanangu. Vua huo."

Nimejaribu. Uzi haukatiki kwa kisu wala kwa patasi. Haupiti kichwani.

Nyoka wangu yumo bado. Jana kichwa chake kilielekea begani.

Leo kinaelekea kooni.