Kikohozi cha Msituni

Rafiki yangu Noreen Pascoe hajui kutunga uongo, ndiyo maana hili aliloniambia sijui niliweke wapi.

Mtamba wake alipotea, akamfuata msituni nyuma ya shamba lao la miwa, huku kwetu kaskazini mwa Queensland. Mchana ule mvua ilikuwa imelitia pori giza. Akasikia mnyororo ukiburutwa, halafu kikohozi, kile kile cha kuchana kifua alichokizoea tangu utotoni.

"Baba? Umekuja huku na mapafu hayo? Una wazimu wewe?"

Hakukuwa na mtu. Palikuwa na kigingi cha chuma kilichojaa kutu, na mnyororo wenye mkanda wa shingoni, umefungwa, mtupu. Nyasi zilikuwa zimeliwa kwa duara, kama afanyavyo mbuzi aliyefungwa, hadi pale mnyororo ulipofikia. Na huku kwetu hakuna anayefuga mbuzi.

Nyumbani alimkuta baba yake kitandani, akamweleza. Mzee akalia.

"Wakati wa vita jeshi lilijaribu gesi ya sumu kwa mbuzi pale. Mbuzi niliwafunga mimi. Mmoja alikohoa siku tatu, tukakatazwa kumsogelea. Nenda kamfungue, mwanangu."

"Nimfungue nani, Baba?"

"Wewe nenda tu."

Noreen akarudi msituni na panga la miwa, akaukata ule mkanda.

Jioni hiyo baba yake hakukohoa hata mara moja. Asubuhi Noreen alimkuta amefariki, na nyasi za uwanjani zilikuwa zimeliwa kwa mstari mmoja, kutoka msituni hadi chini ya dirisha la mzee.