Mtu wa Ngazini

Kila asubuhi nilikula ploye mbili, zile chapati nyembamba za kwetu, za moto na zilizopakwa siagi, nikavaa koti, nikatoka mbio kuliwahi basi la shule. Na kila asubuhi, ng'ambo ya barabara, Bwana Normand Pelletier alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba yake na kikombe cha kahawa mkononi. Nikirudi saa tisa alasiri, namkuta palepale. Ilikuwa hivyo tangu kiwanda cha chipsi kilipofungwa mwezi wa Machi.

"Mzee Ngazi yupo kazini," nilimwambia rafiki yangu Remi ndani ya basi, naye alicheka mpaka akashika mbavu. Wengine walioachishwa kazi kiwandani nao niliwapa majina. Bwana Gil Roy nilimwita Godoro, kwa sababu mapazia yake hayakufunguliwa kabla ya saa sita mchana. Basi zima lilikuwa likiyatumia majina hayo, na yote niliyatunga mimi. Nilijiona mjanja kweli!

Mama alinisikia siku moja. "Delphine, mdomo wako hauna breki," alisema. "Unamjua Bwana Pelletier?"

"Namwona kila siku, Mama."

"Sikukuuliza kama unamwona. Nimekuuliza kama unamjua."

Nilibeba mkoba wangu nikatoka.

Kwetu kaskazini mwa Maine, viazi vikikomaa shule hufungwa kwa wiki tatu ili watoto wasaidie kuvuna. Mwaka ule nilikuwa nimetimiza miaka kumi na miwili, na Mama aliniruhusu kwa mara ya kwanza. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nimesimama kwenye uwanja wa shamba la Bi Verna Sirois pamoja na watu wengine thelathini hivi, meno yakigongana kwa baridi.

Bi Verna alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti inayofika mpaka shamba la tatu. Alipita mbele yetu akichagua. "Wewe, kwenye mkanda. Wewe, ghalani. Na wewe, binti mrefu, unaogopa matope?"

"Siogopi, Bi Verna!"

"Haya, kwenye mkanda."

Nilikaribia kuruka kwa furaha. Kazi ya mkandani ni kusimama juu ya mashine ya kuvunia na kutoa mawe na mabonge ya udongo viazi vinapopita. Ni kazi ya vumbi na kelele, lakini kwetu mtoto akisema yuko mkandani, wenzake humwangalia kwa heshima.

Kisha nikamwona Bwana Pelletier amesimama mwisho wa mstari, kofia mkononi. Alimwambia Bi Verna kwamba anaweza kuendesha lori. Kila mtu alikuwa anajua kwamba anayeendesha lori la Bi Verna wakati wa mavuno hubaki kufanya kazi ghalani majira yote ya baridi.

Bi Verna alimtazama, kisha akanivuta pembeni. Kwetu hakuna anayeangalia vyeti. Huulizwa jirani yako.

"Nyumba zenu zinatazamana," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi namfahamu kwa sura tu. Ni mtu wa kazi huyu?"

Ningeweza kusema sijui, na huo ungekuwa ukweli. Lakini mtu mzima, tena mwenye shamba, alikuwa ananiuliza mimi! Nilivimba kichwa.

"Bi Verna, yule anakaa ngazini kutwa nzima," nilisema. "Kutwa nzima na kikombe chake. Hata majani hafyeki."

Bi Verna aliguna. Alirudi kule akamwambia Bwana Pelletier kwamba nafasi zimejaa. Bwana Pelletier alisema asante, akavaa kofia yake, akaondoka kwa miguu. Kwao ni mwendo wa karibu saa nzima. Mimi nilipanda kwenye mashine na sikumfikiria tena.

Siku mbili nilifanya kazi mpaka vidole vikavimba. Siku ya tatu, Jumatano, ililetwa mashine mpya yenye vifaa vya kutambua mawe na kuyatupa yenyewe. Bi Verna alituita wanne tuliokuwa wadogo.

"Wanangu, hamkukosea kitu," alisema. "Mashine hii haihitaji watu wengi mkandani. Nendeni nyumbani."

Nilirudi nikilia. Nilikuwa nimefanya kila nilichoagizwa, tena kwa moyo wote, na bado sikutakiwa. Mchana ule nilizunguka mashamba matatu kuomba kazi. Kwenye shamba la kwanza waliniambia nimechelewa. Kwenye la pili mbwa alinifukuza kabla sijamwona mtu. Kwenye la tatu msimamizi alisema, "Huenda kesho tukahitaji mmoja. Kaa nje ya nyumba yenu kuanzia alfajiri. Lori litapita, lakini halingoji mtu. Likikukosa nje, linakwenda."

Basi Alhamisi nilikaa kwenye ngazi zetu kuanzia saa kumi na moja. Saa moja ilifika nikiwa nimekaa. Saa mbili pia. Niliogopa hata kuingia ndani kunywa maji. Ndipo likapita lori la shamba lingine, limejaa wanafunzi wenzangu, na Remi akiwa juu kabisa.

"Oyaa, Delphine!" alipiga kelele. "Mavuno yote haya wewe umekaa tu? Mvivu wee!"

Lori zima lilicheka. Nilisimama nimjibu, lakini lori lilikuwa limeshapita. Machozi yalinijaa. Mvivu? Mimi niliyekuwa nimeamka kabla ya jogoo?

"Usihangaike kumjibu," sauti ilisema kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa Bwana Pelletier, kwenye ngazi zake. "Buti umevaa?"

"Nimevaa."

"Funga na kamba kabisa, binti. Dereva hakungoji ufunge kamba."

Nilimwangalia miguuni. Alikuwa amevaa buti za kazi, kamba zimefungwa mpaka juu. Nilikuwa nikimwona kwa miezi saba, na sikuwahi kumtazama miguu.

"Bwana Pelletier," niliuliza polepole, "na wewe unasubiri lori?"

"La wakata miti. Linapita asubuhi, na linapita tena saa tisa kuchukua watu wa zamu ya jioni. Likiwa na nafasi moja, linamchukua mtu liliyemkuta nje. Wiki iliyopita nilipata siku mbili."

"Na katikati ya mchana?"

"Natembea kuomba kazi. Nimebisha hodi kila mahali mpaka ng'ambo ya mpaka, Kanada." Alikunywa kahawa yake. "Tukifika mwisho wa mavuno sijapata kitu, tutahamia kwa dada yangu Connecticut. Mke wangu ameanza kufunga vyombo. Nyumba hii aliijenga baba yangu, lakini tutafanyaje?"

Mimi nilimwona mara mbili kwa siku, asubuhi nikienda na alasiri nikirudi, na saa zote za katikati nilizijaza kwa uongo. Kisha uongo huo nilimpelekea Bi Verna.

Sikungoja lori tena. Nilikimbia mpaka shambani na kumkuta Bi Verna akikagua matairi. Nilimweleza yote huku nikihema. Alisikiliza bila kunikatiza, uso ukazidi kuwa mwekundu.

"Mimi nami!" alisema mwishowe, akijipiga paja. "Mtu mzima amesimama mbele yangu, nimeacha kumuuliza mwenyewe, nakwenda kumuuliza mtoto!" Kisha akaninyooshea kidole. "Lakini sikiliza, Delphine. Ulichokijua ni kwamba hana kazi. Kwamba hataki kazi, hilo ulilitunga wewe. Jumamosi baridi ya kugandisha ardhi inakuja na nataka lori la pili. Nitakwenda kwake jioni hii. Ila wewe utatangulia. Atasikia kwako kwanza."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko zote nilizowahi kutembea. Nilimkuta bado amekaa. Nilisimama chini ya ngazi zake na kumwambia kwamba Jumatatu alikosa kazi kwa sababu yangu, na nikarudia maneno yangu yote, hata yale ya majani.

Aliweka kikombe chake juu ya ngazi.

"Siku ile nilimwona Bi Verna akikuita pembeni," alisema. "Unajua nilifurahi? Nilijiambia, leo nimepata. Huyu ananiona kila siku asubuhi nikiwa nje. Atanisemea."

Nililia kwa sauti, na hakuninyamazisha. Aliinuka akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Jioni Bi Verna alikuja, kofia mkononi safari hii yeye. Kesho yake Bwana Pelletier aliendesha lori la pili, na Jumamosi ardhi ilipoganda, viazi vyote vilivyokuwa vimechimbwa vilikuwa ghalani. Bi Verna aliniita mimi pia, kufagia udongo ghalani. Kwa siku tisa Bwana Pelletier alipita karibu yangu bila kusema zaidi ya "Habari ya asubuhi." Niliona ni haki yake, ingawa iliniuma.

Siku yangu ya mwisho ya kazi, wakati wa chai, alikuja akakaa karibu yangu juu ya kreti.

"Bi Verna ameniambia nibaki majira ya baridi," alisema. "Hatuhami. Nami nimekusamehe, Delphine."

"Asante, Bwana Pelletier. Sasa najua wewe si mvivu."

Alitikisa kichwa. "Unajua kwa sababu umeniona nikiendesha lori. Je, ungenikuta kitandani? Maana zipo siku sikuamka. Mwezi wa Juni nililala wiki nzima, mke wangu akiniletea supu. Mtu akiambiwa hapana kila siku, mwili wenyewe unagoma. Hata wiki ile sikuwa mvivu. Nilikuwa nimevunjika moyo." Alinitazama. "Kiwandani tuliachishwa kazi watu arobaini. Mimi ulinisemea kwa Bi Verna ukarekebisha. Wale wengine mliwaita nani kwenye basi?"

Niliyataja majina yale moyoni, moja moja. Alikuwa ameyajua siku zote.

"Usiniambie mimi," alisema akiinuka. "Mtu hana kazi, hiyo ni habari ya kiwanda. Ukitaka kujua habari zake yeye, nenda ukamuulize."

Jumapili, baada ya kanisa, Mama alinipa supu ya kuku kwenye sufuria ndogo, nami nikaibeba kwa mikono miwili mpaka kwa Bwana Gil Roy. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Nilipiga hodi, nikasubiri, nikapiga tena. Mlango ulipofunguliwa, nilimsalimia kwa jina lake.